Gauni la Bandi

Kama wiki iliyopita gazeti lako lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, nakupa kwa kifupi. Kama ulisoma, vumilia, hatutachelewa.

Raya ni fundi cherehani wa Kihonda. Kazi yake ni kugeuza nguo kuukuu. Unampelekea suruali ya mzee iliyochoka magoti, anakurudishia sketi ya binti yako, na majirani wanakuuliza umeinunua duka gani. Dada yake, Sabra, alifariki kwa uzazi, yeye na kichanga chake. Uchungu ulimshika asubuhi. Mumewe, Hatibu, akasema, "Deko tu hilo, atajifungua." Mpaka akili ya kutafuta gari inamjia, jua limeshapinda na Sabra hasemi tena.

Arobaini ilipofika, ukoo wa Sabra ulishuka kutoka Kinole kuja kuchukua nguo za marehemu wao. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na nguo za mama nazo walitaka zirudi kwao, zikagawiwe na mjomba. Hatibu akasimama mbele ya Mjomba Nassoro na wazee wote, akaapa kwamba nguo zote ziliibwa na wezi waliokata wavu wa dirisha. Haikurudi hata khanga moja.

Na Asia, mtoto pekee aliyeachwa na Sabra, naye hakurudi. Hatibu alisema yuko shule ya bweni Dodoma, asisumbuliwe. Raya alipokwenda kumuulizia, akaambiwa akikanyaga tena lango lile ataitiwa mgambo.

Wiki iliyopita tulimwacha Raya kibandani kwake, mfuko wa salfeti umemwagwa mezani. Aliyeuleta ni Diana, mwalimu wa shule ya msingi, mke mpya wa Hatibu. Na ndani ya mfuko mlikuwa na nguo za Sabra.

Zote.

Raya hakupiga kelele. Hapo ndipo ujue mwanamke amekasirika.

"Nataka gauni moja kutoka kwenye hizi zote," Diana alisema. "Kila nguo itoe kipande, hata kidogo. Isiachwe hata moja."

"Za nani hizi?"

Diana akatupa jicho mlangoni. Pale alisimama Hamza, dereva mpya wa Hatibu asiyemjua Raya, mtu mzima mwenye mvi, anachokonoa meno kwa njiti. Hamza kazi yake ya kwanza ni usukani. Ya pili ni kumpelekea bosi wake maneno, na hiyo ya pili ndiyo anayoipenda.

"Zangu za zamani," Diana akajibu.

Zangu! Raya alihisi damu inampanda kichwani. Kile kitenge cha tausi alimshonea Sabra yeye mwenyewe, kwa mikono hii hii, siku walipokwenda kumcheza unyago binamu yao. Lile dira la njano Sabra alilivaa akiwa na mimba ya Asia, mpaka likapauka tumboni. Leo amekuja mwalimu kutoka sijui wapi, anasema zangu.

Usimlaumu kwa kunyamaza. Diana hakuonyesha kumjua, na Raya hakujitambulisha. Kama angefungua mdomo, mfuko ungebebwa ukarudi kwa Hatibu, na safari hii ungepotea kweli.

"Gauni la sherehe gani?" akauliza, sauti ameibana.

"Ya Jumamosi. Mkuyuni, kwao mume wangu. Watu watakuwa wengi."

Bibi harusi anakwenda kuonyeshwa ukweni, Raya akawaza. "Basi njoo nikupime."

Diana akasogea. Raya akapitisha futi kamba kifuani, kiunoni, begani. Mwanamke alikuwa mwembamba, mabega membamba, kifua kidogo. Raya alitamani kuivuta ile futi kamba mpaka mtu aombe maji.

"Upindo acha mrefu, fundi," Diana alisema. "Na pembeni acha nafasi ya kutosha. Mwili bado unakua."

Mkono wa Raya ukasimama. Mwili unakua! Maana yake ana mimba. Ana mimba ya Hatibu, atajifungulia kwenye kitanda kile kile alichotokea Sabra kwenda kaburini, na safari hii, bila shaka, gari litaletwa mapema.

"Hongera," Raya akasema.

Diana akamtazama kama asiyeelewa. Kisha akachagua kwenye lundo khanga moja nyekundu, imefifia mpaka maandishi hayasomeki, akaikunjua taratibu.

"Hii usiikate. Ikae nzima, mgongoni."

"Unajua ilikuwa ya nini?"

"Mbeleko," Diana akajibu kwa sauti ya chini. "Ndiyo maana nataka ikae mgongoni."

Raya aliijua mbeleko ile. Asia alilala ndani yake akiwa hana meno, mgongoni kwa Sabra, mashambani Kinole, mvua ikinyesha na mama analima huku anaimba. Sasa inakwenda kupamba mgongo wa mke wa pili. Ukisikia mtu anakuchezea sharubu, ndiyo hivyo, hata kama huna sharubu.

Diana alipofika mlangoni akageuka.

"Fundi, shona kama unamshonea mwanao."

Raya hana mtoto. Kihonda nzima inajua, hata muuza mkaa anajua. Gari lilipoondoka aliuchukua mkasi, akaushika kwa muda mrefu bila kukata kitu.

Kwenye kibanda kile hayuko peke yake. Cherehani ya pili ni ya Josephina, mama mwenyeji wa Mgeta anayeshona sare za kwaya, mtu wa kucheka na kila mteja. Siku ile hakucheka.

"Raya, mrudishie nguo zake. Mwambie huwezi."

"Naziweza vizuri sana."

"Unataka kufanya nini?"

Raya akavuta kigoda akakaa. "Unajua bandi?"

"Unaniuliza mimi bandi?"

Wewe msomaji huenda hujui, kwa hiyo sikiliza. Fundi kabla hajapiga cherehani hushikiza vitambaa kwa mkono, kwa mishono mirefu myepesi, mteja ajaribu aone kama panabana. Hiyo ndiyo bandi. Nguo ikikubali, cherehani hupita juu yake na bandi hutolewa. Nguo ya bandi inasimama, inapigwa pasi, inapendeza hata kwenye picha. Ila haina nguvu ya kuchezewa ngoma.

"Nitalishona lote kwa bandi," Raya alisema. "Cherehani haitagusa mahali. Atatoka mbele ya ukweni kwake, ngoma itapigwa, atainua mikono kama bibi harusi yeyote anavyoinua. Kwapa litaachia, ubavu utafuata, na mgongo. Atabaki kama alivyozaliwa."

"Mungu wangu."

"Na bandi haiharibu kitambaa, Josephina. Vipande vikianguka nitaviokota kimoja kimoja, nitavipeleka Kinole kwa mjomba. Hatibu ataaibika mbele ya mama yake, na dada yangu atarudi kwao."

"Na huyo mwanamke? Yeye alimfanya nini Sabra?"

"Anavaa mbeleko yake."

"Hasira hasara, mwenzangu. Na fundi hatoi nguo ya bandi mlangoni kwake. Hilo hata kwa adui halifanywi."

"Basi leo linafanywa."

Nakuambia ukweli, na usiniulize nimeujuaje: hakuna gauni ambalo Raya alipata kulishona vizuri kama lile. Alifumua kila nguo kwa wembe, uzi kwa uzi. Kitenge cha tausi akakiweka kifuani, ndege wawili wanatazamana. Dira la njano likawa mikono. Vipande vya vitenge na khanga vikashuka kiunoni mpaka miguuni kwa mistari ya mshazari, na mbeleko ikakaa mgongoni, nzima, nyekundu iliyopoa. Alikuwa akilia, anashona, anatabasamu. Chuki nayo ina ufundi wake.

Na popote palipotakiwa cherehani, alipiga bandi.

Diana alikuja kulichukua Ijumaa, na Hamza nyuma yake. Akaingia nyuma ya pazia, akavaa. Alipotoka, hata Josephina alisahau kwamba hapendi jambo lile, akasema, "Jamani!"

Diana alijitazama kwenye kioo. Machozi yakamtoka.

"Amekuwa mzuri," akasema, kisha akajisahihisha haraka, "limekuwa zuri."

Raya hakutilia maanani. Alikuwa anaangalia mikono. Diana alitaka kuiinua ajione, na Raya akamdaka viwiko.

"Usinyanyue. Pasi bado ya moto, litakunjika."

"Sawa, fundi."

Simu ya Hamza ikalia, akatoka nje kuipokea. Papo hapo Diana akamshika Raya mkono, akamsogelea sikioni.

"Fundi, kuna jambo nilitaka kukuambia tangu siku ile. Mimi najua kwamba wewe..."

"Bosi anauliza kama bado!" Hamza akaita, kichwa kimeshaingia ndani.

Diana akauachia mkono. Akalivua gauni nyuma ya pazia, akalikunja, akalitia kwenye mfuko.

"Njoo Jumamosi," akasema kwa sauti ya kawaida. "Njoo uone likivaliwa."

"Anakualika ukamshangilie," Josephina alisema walipobaki wawili.

"Nitakwenda. Nani atakosa?"

Mkuyuni iko chini ya milima, njia ya kupandia Kinole. Raya na Josephina walikwenda kwa pikipiki, wamebanana nyuma ya dereva, migomba inawapita kulia na kushoto. Kwa akina Hatibu turubai lilikuwa limefungwa, masufuria ya pilau yanafuka, wanawake wamejaa. Raya alijitanda khanga mpaka puani. Alikuwa amekatazwa lango la Hatibu la Kihonda. La Mkuyuni hakuna aliyemtajia, lakini hakutaka kujaribu.

Hatibu alikaa mbele, kanzu inang'aa, kofia imekaa upande. Amenenepa. Raya alimwangalia kwa utulivu, kama mtu anayemwangalia kuku wa kesho.

Kisha akamwona Diana, na utulivu ukamtoka. Diana alikuwa amevaa kitenge cha kawaida, sare moja na wapishi, anagawa maji.

"Mbona hajavaa?" Raya akanong'ona.

"Labda anabadilisha baadaye."

Raya akamgusa mama mmoja aliyekaa mbele yake. "Shikamoo mama. Bibi harusi anatoka saa ngapi?"

"Marahaba mwanangu. Bibi harusi gani?" Mama akacheka. "Harusi ilishapita, walifunga bomani. Leo anatolewa mwali."

"Mwali wa nani?"

"Wa Hatibu. Binti yake. Si alikuwa amewekwa ndani hapa kwa bibi yake muda wote huu? Wewe umetoka wapi?"

Dodoma! Shule ya bweni! Kumbe mtoto yuko hapa, chini tu ya mlima wa kwao, na amechezwa bila mjomba, bila mama mdogo, bila mtu wa ukoo wake kuulizwa. Mluguru kumtoa mwali bila upande wa mama ni sawa na kufuturu kabla ya magharibi. Unaweza, lakini umefunga nini?

Raya alitaka kusimama pale pale amrukie Hatibu shingoni. Hakuwahi. Ngoma ilipigwa.

Mwali akaletwa uwanjani amefunikwa gubigubi, wasichana wamemshika huku na huku. Alikuwa mrefu. Mrefu sawasawa na Diana. Alivyotembea, mabega yake membamba yalionekana chini ya kile kifuniko.

Diana akaweka chini jagi la maji, akaenda mpaka katikati, akaivua ile khanga ya kumfunikia.

Tausi wawili walikuwa wanatazamana kifuani kwa Asia.

Uwanja ukaanza kunong'ona. Bibi mmoja muuza ndizi wa Kinole, aliyekuwa amevutwa na ngoma tu, akasimama, kidole amekinyoosha.

"Kitenge cha marehemu Sabra hiki! Na dira lake lile! Na ile mgongoni, yarabi, si mbeleko ya mtoto huyu huyu? Hatibu, si uliapa ziliibwa?"

Hatibu alikuwa ameshasimama, kofia imeanguka.

"Diana! Nguo hizo umezitoa wapi?"

"Wezi wamezirudisha, baba Asia," Diana akajibu, na sauti yake ya mwalimu ilifika mpaka jikoni.

Watu waliangua kicheko. Mama yake Hatibu akajifunika uso. Kile ambacho Raya alikuwa amekililia tangu arobaini kilikuwa kinatendeka mbele ya macho yake, na hakuwa amenyanyua hata kidole. Hatibu alikuwa uchi bila kuvuliwa kitu.

"Nilizikuta stoo, nyuma ya magunia," Diana aliendelea. "Nikasema mtoto huyu hawezi kutolewa kama asiye na mama. Nikaenda kwa mtu ambaye ndiye aliyestahili kumvika. Sikuweza kumwambia, maana kila niendako nafuatwa. Nilipima kwa mwili wangu kwa sababu tunalingana. Lakini yeye alishona kama anamshonea mwanae, na ni mwanae kweli. Gauni hili limeshonwa na Raya, mama yake mdogo. Na yupo hapa hapa, nilimwalika mwenyewe!"

Vigelegele vikapasua turubai. Wanawake wakaanza kugeukageuka kumtafuta, na yule mama wa mbele akaivuta khanga ya Raya usoni. "Ni huyu! Huyu hapa! Hongera mama, umeshona!"

Upindo mrefu. Mwili bado unakua. Shona kama unamshonea mwanao. Maneno yote yalimrudia Raya kwa mkupuo, na kila moja lilikuwa sasa na sura ya Asia.

"Raya," Josephina alisema, amemkaba mkono, uso umemwisha rangi. "Lile gauni."

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Alikuwa ameuchonga mwenyewe, ameunoa, ameupiga pasi. Mwali akivukwa na nguo mbele za watu siku ya kutolewa, jina la aibu hiyo halimtoki mpaka anazeeka. Ataolewa nalo. Atazikwa nalo. Na watakaosimulia watasema ni mama yake mdogo aliyemshonea.

"Mwacheni!" Raya akapiga kelele. "Msimchezeshe! Asiguswe!"

Nani wa kumsikia? Ngoma ilikuwa imepamba moto. Mwanamume mmoja mwenye mabega mapana akachutama, wasichana wakampandisha Asia, na yule mtu akainuka naye. Mwali akapaa juu ya vichwa vya watu wote, amekaa mabegani, mikono ameishikilia magotini kwa aibu, mbeleko ya mama yake mgongoni.

Raya alifungua khanga aliyojitanda, akaishika kwa mikono miwili tayari kumfunika mtoto, akapenya. Aliwakanyaga watu miguu, akasukuma, akasukumwa. Walimpisha wakimpigia makofi, wakidhani anakwenda kumtunza mwanae. Alikuwa amefika karibu kabisa pale mkono mzito ulipomdaka bega.

"Wewe!" Hatibu alikuwa anahema, macho mekundu. "Nilikukataza nini?"

"Niache, Hatibu! Nipige baadaye, niue baadaye! Mshushe mtoto kwanza!"

"Umekuja kuniaibisha nyumbani kwa mama yangu?"

"Mshushe Asia! Lile gauni halijashonwa!"

Hatibu hakuelewa, na hakumwachia. Lakini Asia, kule juu, alikuwa ameisikia sauti. Akageuza kichwa, anatafuta, kama alivyokuwa akitafuta utotoni anapoamka na kukuta mama hayupo. Alipogeuka, Raya aliuona uzi mweupe wa bandi ukichungulia kwapani.

"Tulia, mwanangu!" Raya alilia. "Shusha mikono, tulia hivyo hivyo!"

Asia aliona mdomo tu unafunguka, maneno yamemezwa na ngoma. Aliona uso wa mama yake mdogo ambao alikuwa ameambiwa hautaki kumwona tena, na khanga imetandazwa mikononi kama inayompokea. Akacheka, machozi yanamtoka.

"Mama mdogo!" akaita, na akainua mikono yote miwili.